Beti Mbili za Veneranda

Wasomi wana ugonjwa wao: mtu akishajua jambo moja, anadhani amejua na la jirani yake. Ambrosi alikuwa nao ugonjwa huo, tena ule sugu. Simsengenyi, maana yaliyompata yalitosha.

Likizo ya mwezi wa sita, mwaka arobaini na saba, vijana wanane wa chuo kimoja cha ualimu cha misheni walitoka Tabora kwa miguu. Walivaa kaptula nyeupe, viatu wakavitundika begani visiishe soli, wakafuata njia ya zamani ya misafara kuelekea mashariki. Kazi yao ilikuwa kuimba. Mchana waliimba kanisani, jioni walizungukia nyumba za wagonjwa. Kiongozi wao aliitwa Modest, kijana mtaratibu, na desturi yake ilikuwa moja: wakifika kijiji, kabla hata ya kunywa maji, anampelekea katekista wa pale orodha ya nyimbo aipitie. Wimbo unaopendwa hapa huenda una mkosi pale. Ndivyo walivyopita vijiji vitano bila kumkera mtu.

Kijiji cha sita, jirani na Goweko, kilikuwa kwao Ambrosi.

"Nipe orodha niipeleke kwa katekista," Modest akasema.

"Ya nini?" Ambrosi akacheka. "Hapa ni kwetu, bwana. Anayeuliza njia ni mgeni."

Kwao! Mtu kaondoka mtoto, kakaa bweni miaka kumi, akirudi ni siku mbili za Krismasi, anakula wali anaondoka, naye anasema kwao. Haya. Modest alisitasita, akaikunja orodha akaitia mfukoni.

Kilichokuwa kikimharakisha Ambrosi ni dada yake, Veneranda. Mama yao alipokufa, Veneranda ndiye aliyemlea, akalima tumbaku mpaka vidole vikawa vyeusi ili mdogo wake asome. Sasa alikuwa amelala mwezi mzima kwa homa ya mapafu. Lakini habari zilikuwa njema: dresa wa zahanati alisema hatari imepita, mgonjwa ameanza kula ugali kwa mlenda, na jana yake alitoka mwenyewe kuota jua. Ambrosi alitaka kumpa zawadi ya kupona. Hakuwa na kitu ila sauti, basi akachagua wimbo mzuri kuliko zote walizokuwa nazo, "Tua Mzigo". Chuoni wanauimba siku ya kuwaaga wanaomaliza masomo. Watu hulia kidogo, hupeana anwani, kisha hunywa chai.

Asilolijua ni kwamba wimbo ule ulifika kijijini miaka mitatu nyuma, na katekista Sylvester aliutengea kazi moja tu. Uliimbwa siku ya msiba. Beti mbili za kwanza ziliimbwa ndani, maiti akiwa bado kitandani. Ubeti wa tatu uliimbwa mlangoni, wa nne kaburini. Siku nyingine haukuguswa, hata ukiupiga mluzi shambani ungekemewa. Na Veneranda mwenyewe, mwimbishaji wa kijiji, alikuwa amewatoa watu kumi na mmoja kwa wimbo huo.

Wakamkuta ameketi kitandani, mgongo ukutani, bakuli la uji mkononi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mwanangu. Loo, umekonda! Huko chuoni wanawalisha chaki?"

Wote wakacheka, naye akacheka mpaka akakohoa. Wakajipanga kando ya ukuta, wakaanza.

Ubeti wa kwanza ulipokuwa ukiimbwa, tabasamu lilibaki usoni mwa Veneranda, la mtu ambaye bado hajaelewa. Kisha bakuli likashuka polepole mpaka mapajani. Ambrosi hakuona. Alikuwa amefumba macho, maana wimbo ulimkolea. Ubeti wa pili akasikia wanawake wa jirani wakipiga yowe huko nje, akajiambia, tazama jinsi watu walivyoguswa! Mungu wangu. Ubeti ulipoisha, Modest akainua mkono kuwanyamazisha, kwa sababu Jilala, mume wa Veneranda, alikuwa amesimama mlangoni na shoka la kuchanjia kuni, akitweta.

"Nani amekufa?" akauliza.

Katekista Sylvester akaja mbio, kofia mkononi. Alipopata habari akakaa chini pale pale kwenye vumbi. "Mngeniuliza," alisema. "Mngeniuliza tu, wanangu."

Wakamweleza Veneranda kwa zamu, wanane na katekista wao. Akawasikiliza vizuri, kwa adabu.

"Nimeelewa," akasema. "Hamkujua. Lakini wimbo wenyewe haujui kwamba hamkujua." Akamrudishia Jilala bakuli la uji, akalala akaugeukia ukuta.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Ambrosi alijaribu kuyazoa kwa viganja. Kesho yake kwaya iliimba nyimbo za Krismasi dirishani, mwezi wa sita! Zikafuata za mavuno, za harusi, hata za watoto wa shule. Katekista akatangaza kanisani kwamba tangu leo "Tua Mzigo" ni wimbo wa kawaida, akawaamuru watu wauimbe njiani mchana kweupe. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Dresa akaja na baiskeli, akapima kifua pande zote. "Kifua kinapona," akamwambia Ambrosi nje. "Mtu aliyekwisha kuamua sina dawa yake." Alhamisi kwaya ikaondoka, maana vijiji vingine vilikuwa vikingoja. Ambrosi akabaki, akishika kijiko cha uji mbele ya mdomo uliofungwa.

Jumamosi Veneranda akamwita.

"Mwanangu, nimalizie."

"Nimalizie nini, dada?"

"Unajua. Mmenifikisha mlangoni mkaniacha. Humu ndani si mwangu tena, na nje sijatolewa. Nimechoka kusimama."

Ambrosi akachota uji kwa kijiko. "Sikuimbii," akasema. "Kula kwanza. Kula vijiko viwili tu, tutazungumza."

"Utaniimbia lini, nikiwa sisikii?"

Ambrosi alikwisha kupiga hesabu zake za kisomi: madhali wimbo haujaisha, dada hajaenda. Kwa hiyo hautaisha. Angeushikilia ubeti wa tatu kinywani mwake mwaka mzima kama ingebidi. Jumapili Veneranda alimwomba mara tatu, na mara ya tatu alimwita kwa jina la utotoni, alilokuwa akimbembelezea. Ambrosi akatoka, akachukua shoka la Jilala, akachanja kuni kwa kishindo asisikie. Alichanja hata zisizohitajika.

Jumatatu asubuhi Jilala alimkuta mkewe amekwisha kupoa.

Watu wakajaa. Mchana katekista akasimama kando ya kitanda, akafungua kitabu, akaanza ubeti wa kwanza. Hakuna aliyemwitikia. Akarudia, sauti yake ikabaki peke yake mle ndani. Ndipo bibi Pelagia, aliyeimba bega kwa bega na Veneranda miaka yote, akasema, "Beti hizo mbili keshaimbiwa, mwalimu. Mtu hatolewi mara mbili."

Katekista akafunga kitabu. Wanaume wakambeba Veneranda mpaka mlangoni, na hapo wakasimama. Jilala akageuka. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo.

"Shemeji," akasema, "malizia."

Ambrosi alitaka kusema hawezi. Akatazama nyuso za watu wa kwao, akaona hakuna anayemlaumu wala atakayempokea mzigo ule. Akafungua kinywa. Sauti ikatoka safi, bila kukwaruza hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Akauimba ubeti wa mlangoni polepole, kila neno mahali pake, kama dada yake alivyomwomba Jumamosi, alipokuwa bado anasikia.