Mdaiwa Aliyepungua Umri

Tarishi wa mahakama alibisha hodi, samansi ikiwa kwapani. Nyuma yake alisimama mama wa mdaiwa, ambaye ndiye mdai. Kazi ile ina utaratibu wake, mdai humwonyesha tarishi mtu wake. Mwanawe wa pekee aliiuza nyumba ya mama huyo, mama akiwa amelazwa hospitali, na mnunuzi alishaanza kung'oa mabati. Samansi isipotiwa mkononi mwa mwana, kesi haisikilizwi, na nyumba ndiyo imekwenda.

Aliyefungua mlango alikuwa kijana mwembamba, ameshikilia suruali isidondoke.

"Ndiye huyu, mama?"

"Ndiye, baba. Ila juzi alikuwa na kipara."

Kijana akatoka nduki kwa mlango wa uani. Tarishi akaandika kwamba hakupatikana.

Waliporudi walimkuta uvunguni mwa kitanda, ana mapengo, anafyonza kidole. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawakusema lolote kuhusu anayekua kinyumenyume. "Toka huko, utachafua shati," mama alisema. Hakutoka.

Mara ya mwisho alikuwa kitoto kichanga juu ya godoro, kimeviringika ndani ya shati lile lile, kinalia. Tarishi alimpigia simu karani.

"Samansi ya mtoto hupokelewa na mzazi wake," karani alisema.

"Mzazi ndiye mdai."

"Basi vizuri, kesi anaijua."

Mama akasaini kwa niaba ya mwanawe, akaichukua samansi, kisha akambadilisha nepi. Alimwonea huruma, na hasira haikumwisha. Vyote viwili alikuwa navyo.

Siku ya kesi hakimu alimwita mdai, mama akasimama. Akamwita mdaiwa, mama akasimama tena, mtoto begani. Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Mtoto mchanga, alisema, hawezi kujibu shauri la kuuza nyumba. Kesi ikaahirishwa hadi mdaiwa atakapofikisha umri wa mtu mzima.

"Mheshimiwa, mimi ni bibi kizee," mama alisema.

"Mahakama imeliona hilo," hakimu alijibu kwa upole, akaita kesi nyingine.

Mnunuzi, aliyekaa benchi la nyuma, aliwapisha mlangoni kwa heshima zote.

Nje, tarishi alimsaidia mama kufunga mbeleko. Kilikuwa kitoto kizito, na mgongo wa mama ulimuuma. Tarishi akamuuliza anaelekea wapi.

"Kumtafutia pa kulala," mama alisema. "Huyu hana kwao."