Mapigo Thelathini na Sita

Mimi si mtu wa kubembeleza mashine, wala watu. Nimekuwa fundi wa hadubini katika maabara hii miaka ishirini, na anayegusa kitufe bila ruhusa yangu hunisikia hadi ukumbini. Kwa hiyo asubuhi ile, nilipoona nilichokiona, nilikosa wa kumfokea isipokuwa mimi mwenyewe.

Ilikuwa saa nne. Ndani ya sahani ya kioo, chini ya lenzi, kulikuwa na kiinitete cha panya, kidogo kuliko punje ya mchele. Moyo wake ulikuwa bado haujawa moyo, ni utepe tu wa seli uliojipinda kama mwezi mwandamo. Sisi tulikuwa tunasaka saa ambayo utepe huo unapiga pigo la kwanza. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye sote tunamwita Sisimizi kwa kuwa ni mdogo na hatulii, alikuwa ameandika tasnifu nzima juu ya saa hiyo. Alidai moyo huanza mapema kuliko watu wote walivyodhani. Watahini walikuwa wanamngoja saa nane mchana huo huo, na hiki kilikuwa kiinitete cha mwisho, cha kupata picha ya kuwafunga midomo.

"Mjomba, unaona?" alisema, pua karibu iguse skrini. "Thelathini na sita kwa dakika. Viinitete vyote kumi na kimoja tulivyopima, thelathini na sita! Kama vimeambiana."

"Naona."

Nilichokuwa naona ni uzi wa vumbi pembeni mwa sahani, mbali kabisa na moyo. Ulikuwa unatikisika. Nikauhesabu kwa saa yangu ya mkononi: thelathini na sita. Vumbi halina moyo.

Pampu inayopeleka hewa ya joto kwenye sahani ilikuwa inakoroma juu ya meza ileile ya hadubini. Niliiweka hapo mimi, miezi mitatu nyuma, ile ya zamani ilipokufa. Kila ilipovuta pumzi ilitikisa meza, meza ikatikisa sahani, nasi tukashangilia moyo.

Njia ya kuhakikisha ilikuwa moja tu, kuizima. Lakini kiinitete kikipoa kinakufa, na kingine hakikuwepo. Ningeweza pia kunyamaza. Watahini wangetazama moyo, nani angehangaika na vumbi? Niliwaza hivyo, sitadanganya. Nilimuwaza na dada yangu, ambaye tangu jana alikuwa anapiga simu kuuliza kama "daktari wake" amekula.

Nikabonyeza swichi.

"Mjomba! Umezima nini?"

"Tulia uangalie."

Moyo ukasimama kwenye skrini.

"Umeuua! Washa!"

"Angalia lile vumbi."

Nikawasha. Vumbi likacheza, moyo ukacheza. Nikazima, vyote viwili vikatulia. Sisimizi, asiyekaa hata akila, alivuta kiti akakaa.

"Picha zote?" aliuliza.

"Zote za tangu pampu mpya."

"Ndizo zote nilizonazo za pigo la kwanza, mjomba."

Kipimajoto kilikuwa kimeshuka kutoka thelathini na saba hadi thelathini na sita. Akazungumza bila kunitazama. "Washa. Tumeona wawili tu."

"Unajua unachosema?"

"Najua. Miaka minne, mjomba! We unajua miaka minne ni nini?"

Mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu uliokuwa unaota tende haukuwa wangu. Kidole changu kilikuwa kwenye swichi. Ningewasha, na si kwa huruma ya kiinitete. Thelathini na tano na nusu.

"Ngoja!" akasema yeye mwenyewe.

Seli zile tulikuwa tumezitia rangi inayong'aa zinapotaka kujikunja. Kwenye ncha ya utepe, moja ikamulika, ikazimika. Zikapita sekunde nne. Ikamulika tena, na jirani zake pamoja nayo, utepe ukajikunja. Vumbi halikusogea. Kimya kirefu, kisha mapigo mawili ya haraka, kisha moja, yamepotea njia kama mtoto anayejifunza kutembea.

"Huo ndio wenyewe," alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Na umechelewa kwa saa sita kuliko nilivyoandika."

Nikawasha pampu, nikainyanyua kutoka mezani. Mpira wa hewa ulikuwa mfupi, haukufika sakafuni, basi nikasimama nimeikumbatia kifuani, inanigonga mbavu. Joto likaanza kupanda. Sisimizi akachukua simu, akampigia profesa anayemsimamia, akaiweka spika juu ya kiti.

"Profesa, picha zangu si sahihi. Zilizotikisika ni meza na sahani. Pampu ilikuwa mezani." Akanitupia jicho. "Niliiweka mimi."

Mimi nilinyamaza. Ni muda mfupi sana, lakini aibu yake naibeba mpaka leo, kwa sababu katika muda ule nilikuwa nimekubali mtoto wa dada yangu anibebee.

"Anasema uongo," nikasema hatimaye. "Pampu niliweka mimi."

"Fundi?" Sauti ya profesa ilibadilika. "Watahini nitawaomba radhi, leo hakuna mtihani. Lakini wewe ndiye unayewafokea wote kwamba kinachotikisika hakiwekwi kwenye meza ya hadubini. Ulisahau?"

Ningeweza kusema ndiyo. Uzee ungenisitiri.

"Sikusahau, Profesa. Mpira ulikuwa mfupi, nikaona uvivu kwenda kuomba mwingine."

Mikono ilianza kuniuma, lakini sikuthubutu kuomba msaada. Sisimizi alikuwa ameshageukia skrini, amenipa mgongo, anaandika saa ya kila pigo.