Silabi za Askofu Mkuu

Kiharusi kilimkuta Askofu Mkuu ofisini, asubuhi, akisaini barua za mwaliko. Katibu muhtasi wake alisikia kishindo, akaingia, akamkuta ameegemea meza, mdomo umepinda, akijaribu kusema jambo lisiloeleweka.

Barua zile zilikuwa za ibada ya kuwabariki watumishi sita kuwa wachungaji. Wote wanawake, wa kwanza katika kanisa lile. Aliipigania siku hiyo kwa miaka ishirini na miwili, tangu alipokuwa mchungaji kijana wa usharika uliokuwa nyuma ya kiwanda cha saruji. Huko alikuwa na mitaa minane ya kuhudumia, pikipiki moja mbovu, na mwinjilisti mmoja mwanamke. Mwinjilisti huyo alifundisha kipaimara, alitembelea wagonjwa, alifariji wafiwa. Alichokatazwa ni kushika mkate na kikombe. Siku moja mzee mmoja wa kiwandani alikata roho akiomba Chakula cha Bwana. Mwinjilisti alikuwa ameketi kando ya kitanda. Yeye, mchungaji, alikuwa kilomita arobaini kutoka hapo, anaziba pancha.

"Nilikuwepo," mwinjilisti alimwambia baadaye. "Nilikuwepo, ila sikuwa na ruhusa."

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Alipokwenda kufundisha chuo cha teolojia, alikwenda nayo. Alipokuwa askofu aliyapeleka kwenye Mkutano Mkuu, akashindwa. Akiwa Askofu Mkuu akayarudisha, akashindwa tena. Mara ya tatu hoja ikapita kwa tofauti ya kura kumi na moja.

Sasa zilibaki wiki kumi na tatu, na ile sauti nzito iliyowafanya waumini wamwite Kengele ilikuwa imezimika.

Askofu msaidizi wake alifika hospitali siku ya nne. Hakuwa mnafiki, jambo la wanawake alilipinga hadharani, tena mbele ya bosi wake.

"Baba Askofu, pumzika," alisema. "Ibada tutaisogeza mpaka upate nafuu. Katiba inakutaka wewe uyatamke maneno ya kubariki, na huwezi kutamka hata jina lako."

Ilikuwa kweli. Lakini Mkutano Mkuu mwingine ulikuwa unakuja, na kura kumi na moja si ukuta wa mawe, zingeweza kupinduliwa. Askofu Mkuu akatikisa kichwa. Akainua mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, akaionyesha kalenda ukutani. Tarehe ileile.

Mkewe alikuwa mwalimu mstaafu. Miaka thelathini na mmoja alifundisha darasa la kwanza. Waliporudi nyumbani akamkalisha kwenye meza ya jikoni, akavaa miwani.

"Hapa hakuna Baba Askofu," alisema. "Hapa kuna mwanafunzi. Sema ba."

"Pa."

"Nimesema ba. Watoto wa miaka sita wananielewa, wewe na shahada zako unanishinda?"

Akacheka kwa upande mmoja wa uso. Wakaendelea: ba, be, bi, bo, bu. Wiki ya tatu alifika "baba" na "maji." Wiki ya tano bado yuko palepale. "Nakubariki" lilimkwama kama mfupa kooni. Siku moja alisukuma kikombe kikavunjika, akalia mbele ya mkewe.

Mkewe akaokota vipande. "Kulia ruhusa, mume wangu. Kutoroka darasa, hapana."

Asubuhi iliyofuata mkewe alikuwa anaosha vyombo huku akiimba wimbo wa kusifu, kama kawaida yake. Katikati ya ubeti akasikia besi ya mumewe nyuma yake. Maneno yote, moja baada ya jingine, hakuna lililopinda. Hakugeuka, aliogopa kumshtua. Alipofika mwisho wa ubeti akanyamaza, na mumewe akaendelea na ubeti wa pili peke yake.

"Kumbe sauti umeificha huko," mkewe alisema, mikono ikiwa bado kwenye povu.

Mtaalamu wa matamshi wa hospitali hakushangaa. Alisema kuimba kuna njia yake kichwani, na njia hiyo wakati mwingine hubaki wazi. Basi wakayachukua maneno ya kubariki, wakayatia kwenye wimbo wa liturgia ya ibada ambao Askofu Mkuu aliuimba kila Jumapili tangu ujana. Aliyarudia mpaka majirani wakayajua.

Wiki moja kabla ya ibada, msaidizi alikuja nyumbani. Alisimama sebuleni akisikiliza somo la jikoni mpaka likaisha.

"Baba, bado siamini kwamba jambo hili ni sahihi," alisema. "Lakini kitabu nitakushikia mimi."

Siku ilipofika, kanisa lilijaa hadi nje. Wanawake sita walipiga magoti madhabahuni. Wa kwanza alikuwa yule mwinjilisti wa kiwandani, sasa ana miaka hamsini na minane. Askofu Mkuu akamwekea mkono wa kushoto kichwani, akaimba. Mabega ya mwinjilisti yakatetemeka. Akaja wa pili, wa tatu.

Kwa wa nne, neno likagoma. Akafungua mdomo, hewa tupu. Msaidizi aliyajua maneno yale, midomo yake ikaanza kufunguka. Askofu Mkuu akamtazama na kutikisa kichwa. Akavuta pumzi, akarudi mwanzo kabisa, kwa sauti ya chini zaidi. Safari hii alivuka. Wa tano na wa sita aliwamaliza jasho likimtiririka hadi kwenye stola shingoni.

Mwezi uliofuata aliandika barua ya kustaafu kwa mkono wa kushoto, mistari minne. Halmashauri Kuu ilimwomba abaki, akakataa, kwa kuwa askofu asiyeweza kuhubiri, alisema kwa maneno yake machache, "anaziba mlango." Walimchagua msaidizi wake. Mwaka uliofuata naye alibariki wachungaji wapya, na tisa kati yao walikuwa wanawake. Kama alikuwa ameamini kuwa ni sahihi au la, hakumwambia mtu.