Uzi wa Tatu

Mdomo huponza kichwa, na mdogo mtu alikuwa ameambiwa na dada yake mara mia: karibu na kisu cha almasi, usiseme neno. Sasa sikia alichofanya!

Miaka mitatu alikuwa akifuga mwani wa baharini, chembe ndogo mno hata tone moja kwao ni mtaa mzima. Kila chembe ina mikia miwili ya kuogelea, na katikati yake uzi wa tatu, mwembamba. Mwanafunzi huyu aliandika sura nzima ya tasnifu yake kwamba uzi ule si mkia, ni kiungo kingine kabisa. Profesa wake akachora mstari mwekundu na kuandika pembeni: "Mkia uliovunjika." Akampa hadi saa tisa alasiri siku hiyo alete ushahidi, la sivyo aitoe sura ile, na bila sura ile hakuna shahada.

Ushahidi wenyewe ni kuukata uzi kama mtu akatavyo muwa, kisha kuhesabu vineli, yaani vijibomba, vya ndani yake. Mkia unajulikana: jozi tisa kwenye duara, na vineli viwili katikati.

Mkataji alikuwa dada yake wa tumbo moja, fundi wa maabara, ambaye wenzake walimwita Mkono Baridi kwa utulivu wa mkono wake. Chembe za mwisho zilikuwa zimegandishwa ndani ya kibonge cha plastiki ngumu. Kisu kikapita, vipande vitano vikaelea juu ya maji ya kihori kidogo kilicho nyuma ya makali, vinang'aa rangi ya fedha. Na fedha ndiyo rangi ya wembamba unaotakiwa!

"Hivyo hapo, dada!" mdogo mtu akapayuka.

Pumzi yake ikavipeperusha. Vinne vikazama, kimoja kikanata ukingoni.

"Wewe! Una wazimu?"

"Nisamehe, dada. Furaha imenizidi."

"Furaha ya nini, na hatujaona kitu? Haya, lete ukope."

Mafundi wa kazi hii husogeza vipande kwa ukope mmoja uliogundishwa kwenye kijiti, maana kingine chochote huchana. Wa dada ulikatika asubuhi, na kope zake mwenyewe alishazimaliza kazini. Mdogo mtu akashika ukope wake, akang'oa. Uwii! Machozi yalimtiririka, lakini safari hii alibana pumzi. Dada akakibembeleza kipande kile hadi kikabanduka, akakiopoa kwa kiwavu cha shaba.

Saa tisa kasoro robo picha ikatokea kwenye skrini ya hadubini. Mkia wa kwanza: jozi tisa, na viwili katikati. Wa pili vilevile. Kati yao, kiduara kidogo.

"Hesabu," dada alinong'ona.

"Moja, mbili, tatu... saba. Dada, ni saba! Kimoja kimoja, hakuna jozi! Saba!"

"Sasa piga kelele, hapa hakuna maji!"

Profesa aliwakuta wanarukaruka wamekumbatiana. Akainama, akahesabu kwa kidole, akarudia kuanzia upande wa pili. Kisha akatoa karatasi ya sura ile na kalamu ileile nyekundu, akayakata maneno yake mwenyewe.

"Nilikosea. Sura inabaki," alisema. "Nani amekata hiki?"

"Dada yangu."

"Jina lake likae kando ya lako kwenye sura hii."

Mkono Baridi akanyoosha mkono kupokea karatasi, akaandika jina lake kando ya la mdogo wake.