Gari Lenye Mikono Miwili ya Gia

Giaboksi ya gari langu la otomatiki ilipokufa, mume wangu, fundi wa magari asiyejua kushindwa, aliapa kufunga ya gia za mkono. Nikamwambia injini ile haikutengenezwa kwa gia hizo.

"Mama watoto," akasema, "injini haijui lolote. Inafuata amri tu."

Akabadilisha flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, akafunga klachi, akaongeza pedeli ya tatu. Siku ya majaribio akawaita kaka zake gereji waje kushuhudia. Akageuza ufunguo. Kimya, hata starta haikukohoa. Akalaumu betri, akalaumu starta, akalaumu mvua ya juzi.

Uvumilivu ukaniishia, nikaingia garini nikae. Chini ya kiti nikakuta mkono wa zamani wa gia, nyaya zake zikiwa bado zimeunganishwa. Kwa hasira nikausukuma hadi kwenye P, kama nilivyozoea kila nikiegesha, nikageuza ufunguo.

Injini ikaitika. Kumbe muda wote ilikuwa inasubiri kuambiwa kwamba gari limeegeshwa, ndipo ikubali kuwaka.

Mume wangu akataka kukata zile nyaya aziunganishe moja kwa moja, autupe mkono ule. Nikamkatalia katakata. Aufunge kando ya ule mpya, kila mtu auone.

Sasa shemeji zangu wakiuliza kwa utani kwa nini gari lina mikono miwili ya gia, yeye hujikuna kichwa. Mimi ndiye hujibu.

"Ule mrefu ni wake, wa kuendeshea. Huu mfupi ni wangu, na bila huu haliwaki."