Amina ya Nafula

Mkutano wa mtaa wetu, uitwao Tena, hufunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala, na katikati Mzee Phares, mwenyekiti, husema analotaka. Jumapili ile alitaka kibanda cha Nafula kiondolewe langoni.

Nafula ni mjane aliyekuwa akikaanga samaki pale. Watoto wake walikula kutoka kwenye karai lile, hawakuwa na pengine. Kosa lake sote tulilijua: alikuwa amehama kanisa la Phares. Lakini mzee hakulitaja hilo, ng'o!

"Bwana amenionyesha," alisema. "Nimeona giza limekaa langoni, hapo kwa karai."

Abdiwali mwenye duka akainuka. "Chairman, ndoto yako mimi siwezi pima. Sema anaziba njia, sema analeta uchafu, hapo tutabonga, tuelewane. Hiyo ya kuonyeshwa ni yako na Mungu wako."

Hoja nzuri, na ikafa hapohapo. Mwenye nguvu mpishe. Nani abishane na Mungu mbele ya majirani? Nafula alikuwa amekuja kujitetea, hata leso amevaa mpya, lakini Phares alishainua mkono.

"Wapendwa, tufunge kwa sala."

Tukasimama, tukafumba macho. Akashukuru kwa mvua, akawaombea wagonjwa na watoto wa mitihani. Kisha, kwa sauti ileile tamu: "Na kibanda kile, Baba, tumekubaliana kiondoke Jumamosi. Na wote waseme?"

"Amina!"

Sauti ya Nafula ilikuwa juu kuliko zote. Mdomo wake umezoea tangu utotoni. Sala ikifika mwisho, hujijibia wenyewe. Alipofumbua macho ndipo maneno yalipomfikia, akashika kifua.

"Imepita," Phares alisema. "Hata mwenyewe amekubali."

Abdiwali hakuwa amesema amina, lakini nani alimhesabu?

"Mzee, si hayo yalikuwa maombi tu!" Nafula alilia.

"Kwani mama, ulikuwa unamdanganya Mungu?"

Watu wakacheka. Nilimchukia mzee yule, na waliocheka nikawachukia zaidi.

Jumamosi vijana walikuja na nyundo. Mabati yakaanguka, mafuta yakamwagika, samaki wakatapakaa vumbini. Nafula alikuwa amepiga magoti akiwaokota, machozi yakimtiririka, Phares alipovua kofia.

"Tumshukuru Mungu kwa kazi hii," alisema.

Nafula akaweka samaki chini, akajipangusa mikono kwa leso, akainamisha kichwa.