Tarehe za Kwenye Kifuniko cha Kinanda

Tarehe zangu sikuzibuni. Hilo nataka lieleweke mwanzo kabisa, maana hapa Chamazi watu wana tabia ya kuanza kucheka kabla mwenye habari hajafungua mdomo. Nimefundisha muziki na jiografia miaka thelathini na miwili, nimeongoza kwaya ya parokia yetu miaka kumi na sita, na kila tarehe niliyoiandika niliiandika siku ileile, kwa penseli, bila kuuliza mtu.

Ziko upande wa ndani wa kifuniko cha kinanda cha kukanyaga cha kanisani, kile kikongwe tulichorithi kutoka misheni moja ya bara, ambacho siku hizi kinatumika kuwekea madaftari ya nyimbo. Mwaka nilipohamia huku nilikuwa nimekaa kwenye kinanda hicho, dirisha liko wazi, mvua ya masika imetoka kukatika, nikasikia kwenye mlonge wa nje sauti ndogo inaanzia juu na kushuka taratibu, noti baada ya noti, mpaka inazimika yenyewe huko chini. Niliiandika palepale kwenye kifuniko kwa do-re-mi. Kisha nikatoka kumtafuta mwimbaji. Alikuwa kindege mdogo kuliko shomoro, kijani kilichopauka mgongoni, manjano kidogo kifuani, na mstari juu ya jicho kama nyusi iliyopakwa wanja. Vitabu vikaniambia kwamba kwao ni Ulaya, anakuja kwetu Oktoba kukimbia baridi, anaondoka Aprili. Sijamkuta mtu hapa mwenye jina la kumwita, kwa hiyo mimi nikampa la Mshuka Ngazi. Hakuna aliyepinga.

Mshuka Ngazi huimba sana anapokaribia kuondoka, na mimi kila mwaka niliandika siku niliyomsikia mara ya mwisho. Miaka kumi ya mwanzo ilikuwa wiki ya mwisho ya Aprili, hakuna mwaka alioniangusha. Halafu tarehe zikaanza kurudi nyuma. Aprili ishirini, kumi na nne, tisa, mbili. Mwaka jana Machi ishirini na saba. Mwaka huu Machi kumi na tisa, na siku hiyo yenyewe nilimsikia nusu tu.

Mtu mwenye akili akiona jambo kama hilo hutafuta sababu. Nilitafuta, nikampata Bi Badriya.

Bi Badriya ana duka la vifaa vya ujenzi njia ya kwenda uwanja wa mpira. Ni mtu wa makamo, wa ukoo wa Kiarabu uliofanya biashara Temeke tangu enzi za babu yake, na maneno yake hayana breki. Mwaka juzi alikata miarobaini miwili na mkungu nyuma ya duka akajenga stoo ya saruji. Kwenye mkutano wa mtaa, Jumapili moja ya Aprili, nilisimama nikaeleza mbele ya watu wote kwamba kuna ndege wanaosafiri maelfu ya kilomita kuja Chamazi, na sasa wanatukimbia mwezi mzima kabla ya wakati, kwa sababu ya watu wanaothamini saruji kuliko kivuli. Sikumtaja jina. Nilimtazama tu.

Akasimama, akajifunga mtandio vizuri.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimekusikiliza, sasa na mie unisikilize. Miti nimekata mwaka juzi. Hao ndege wako wameanza kuwahi kuondoka lini?"

Nikamwambia ni kama miaka sita hivi.

"Kwa hiyo waliniota?"

Watu wakacheka. Bi Badriya akaendelea: "Halafu huyo unayemsema, kama ni yule mdogo wa kijani anayeshukashuka kwa sauti, hajaondoka. Kila nikimaliza kuswali alfajiri na kutoka uani yuko hapo ananipigia kelele. Leo pia."

"Huyo ni chozi, yule wa kwenye maua," nikasema.

"Chozi namjua, ana mdomo kama ndoano. Huyu mwingine kabisa. Njoo Jumamosi uani kwangu. Ukimkosa, napanda miti kumi kwa mkono wangu. Ukimkuta, unakuja kusimama hapohapo uliposimama na kuwaambia watu umekosea."

"Nimekubali," nikasema, na nilikubali kwa raha, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuchagua aina ya miti.

Lazima niseme hali niliyokuwa nayo wakati huo, ingawa hainipendezi. Nilikuwa mtu aliyezungukwa na uzembe. Mbu wa Chamazi walikuwa wamejifunza kuuma bila kulia. Nilimweleza hivyo daktari wa zahanati akaniangalia tu. Birika letu la filimbi liliacha kupiga filimbi, nikanunua jingine, nalo likawa bubu vilevile, na mke wangu Genoveva akawa analalamika kwamba naketi jikoni na gazeti huku maji yanakauka motoni. Nikamwambia vitu vya siku hizi havina ubora. Na kwaya nayo ilikuwa imelegea. Wiki iliyofuata tulikuwa tunaingia studio kurekodi, na Adelina, mwalimu wa chekechea ambaye kwa miaka minane ndiye aliyebeba sauti ya kwanza, alikuwa ameanza kula maneno. Kuna mahali katika wimbo wetu mkuu ambapo anabaki peke yake, juu kabisa, kwa sauti ndogo. Nilikuwa naona mdomo unafunguka na kinachonifikia ni kama pumzi. Nilimsahihisha Kwaresima nzima. Jumatatu ya Pasaka nilimtoa mstari wa mbele, mbele ya wenzake, nikamwambia aliyechoka apumzike. Alikunja daftari lake akaenda kukaa nyuma, na tangu siku hiyo hakuja mazoezini.

Jumamosi nilitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na darubini shingoni. Genoveva aliniuliza kama nimechukua mwavuli na kama nimejiandaa kushindwa. Nikamwambia mwavuli ninao.

Sikwenda kwa Bi Badriya moja kwa moja. Kazi hii ina utaratibu wake. Nilianza na mlonge wa kanisani, nikasimama chini yake dakika kumi bila kutikisika, maana kindege huyu humwoni kwa kumfuata; unatulia, unaangalia ncha za matawi, na jani linalocheza wakati hakuna upepo ndilo lake. Hakuna. Nikafuata uzio wa michongoma mpaka kwenye viwanja vilivyopimwa, matope yananifika kwenye kifundo cha mguu. Nikasikiliza kwenye mipera ya fundi seremala, nikasikiliza kwenye bonde dogo lenye matete. Kunguru niliwasikia. Tetere niliwasikia. Kote nilikopita nilizidi kufurahi, nikiwa na hakika yangu, na nilipofika dukani kwa Bi Badriya nilikuwa karibu kumhurumia.

Alinikaribisha kwa chai ya tangawizi. Nyuma ya stoo kulikuwa na kamba ya nguo, tangi la maji, marundo ya nondo, na mlonge mmoja ambao sikuujua.

"Huu hukuukata," nikasema.

"Huu unaliwa," akanijibu.

Tukasimama kando ya tangi. Mvua ilikuwa imekatika na majani yanadondosha maji. Dakika mbili, tatu. Kisha jani moja likacheza.

Niliinua darubini na moyo wangu ukaruka, na sikuruhusu uso wangu uonyeshe. Kijani kilichopauka. Manjano kidogo kifuani. Wanja juu ya jicho. Alikuwa ananing'inia kwenye ncha ya tawi, anachukua vidudu, mnene kama mtu aliyekula kwa ajili ya safari ndefu. Aprili ishirini na tano. Nilikuwa nimeshindwa, na nasema kweli, kwa nukta chache sikujali kushindwa. Alikuwa bado yupo.

"Ndiye?" akauliza Bi Badriya kwa sauti ya chini.

"Ndiye. Lakini yuko kimya. Mimi naandika siku ya sauti ya mwisho, Bi Badriya, siyo siku ya kuonekana. Huyu amechelewa tu, pengine mgonjwa. Tusubiri tuone kama ataimba."

Nilihisi ananiangalia.

"Si anaimba, Mwalimu."

"Bado."

"Ameimba mara tatu tangu tusimame hapa."

Nikarudisha darubini machoni. Kindege aliacha kula, akajiweka sawa kwenye tawi, akainua kichwa. Mdomo ukafunguka. Niliona koo linatetemeka, niliona manyoya ya kidevuni yanasimama, niliona mwili mzima unafanya kazi ambayo nimewafundisha watu kwa zaidi ya miaka thelathini. Mdomo ukafunga. Nilikuwa nimesikia maji yakidondoka kwenye tangi na bodaboda ikipita barabarani. Mdomo ukafunguka tena. Koo likatetemeka tena. Sikusikia kitu.

Niliogopa. Sina neno jingine. Nilisimama uani kwa watu na chai mkononi nikaogopa kama mtoto aliyepotea sokoni.

Bi Badriya angeweza kunimaliza pale. Angepiga vigelegele, mtaa mzima ungejua kabla ya saa mbili, na mimi ningestahili. Hakufanya hivyo. Akasogea upande wangu wa kulia, akainamisha kichwa karibu, akaanza kuniimbia kwa kufunga mdomo, kwa sauti nzito ya mtu asiyejua kuimba.

"Anaanzia hivi, juu. Halafu anashuka. Hapa anasita. Halafu anateremka, teremka, anaishia chini, kama kachoka."

Alikuwa hajaona kifuniko cha kinanda changu hata siku moja. Kila noti ilikuwa mahali pake, pamoja na kile kituo kidogo ambacho niliwahi kudhani ni mimi peke yangu duniani ninayekijua.

"Hivyohivyo," nikasema. "Hivyohivyo kabisa."

"Basi ya mkutano tuyaache, Mwalimu. Mie sina shida."

"Hapana. Nitasimama. Na nitakutaja jina, kwa sababu mara ile sikukutaja."

"Alaa! Mara ile nani hakujua?"

Tukacheka. Alinijazia chai, nikanywa nikiwa namwangalia kindege akiimba kimyakimya mpaka aliporuka ukuta. Nilikuwa nahesabu kichwani. Mbu. Birika. Halafu hesabu ikafika kwa Adelina, na chai ikanishinda.

Ni kituo kimoja cha daladala kutoka hapo hadi kwao Adelina. Nilitembea. Nilimkuta kibarazani anamsuka mdogo wake nywele, akainuka, akanipa shikamoo na kiti kama vile sikuwa nimemfanyia lolote. Nilikataa kiti.

"Adelina, ile sehemu ya juu hukuwahi kuila. Masikio yangu ndiyo yaliyoila. Nimejua leo asubuhi. Nilikudhalilisha mbele ya watu, na mbele ya watu nitakuomba radhi saa kumi, mazoezini, lakini nimeona nianze hapa."

Aliangalia chini, akiwa bado na kitana mkononi.

"Tulijua, Mwalimu," akasema. "Kama mwaka wa pili huu. Hatukujua tuanzie wapi kukwambia."

"Wote?"

"Wote. Besi ndio walijua mwanzo."

Hilo la besi liliniuma kuliko mengine. Besi wenyewe hawajawahi kujua lolote mwanzo.

Saa kumi walikuwepo wote thelathini na mmoja. Nilisema nilichokuwa nimekuja kusema, kwa kifupi, nimesimama, na sikutafuta kisingizio. Niliwaambia Jumatatu Genoveva ananipeleka hospitali kupima, na studio tunakwenda kama tulivyopanga. Pia nikawaambia wasishangilie mapema, maana sauti nzito, teno na besi, bado nazisikia kuliko mtu yeyote Chamazi, na wiki hii besi wamekuwa wakisinzia. Wakaguna. Nikajua tuko sawa.

Kabla ya kuanza nilifungua kifuniko cha kinanda. Chini ya Machi kumi na tisa niliandika Aprili ishirini na tano. Miaka yote niliandika tarehe peke yake, kwa sababu niliamini masikio ni haya mawili tu. Safari hii nikaongeza maneno mawili pembeni: amesikia Badriya. Penseli nikampa Adelina, nikamwambia kuanzia mwakani kazi hiyo ni yake, aelewane na Bi Badriya.

Kisha nikainua mikono na tukaimba. Tulipofika pale mahali, sauti nyingine zikatulia kama nilivyozifundisha, Adelina akabaki peke yake huko juu. Niliuona mdomo wake ukifunguka. Niliona koo lake. Mkono wangu ulishikilia noti hewani, mapigo manne kamili, nikiwa nazitazama nyuso za wenzake wa mstari wa mbele, na baada ya hapo nikaishusha.

"Imefika?" nikauliza.

"Imefika, Mwalimu," wakasema.

Nikawaamini, nikawaambia wafungue ukurasa unaofuata.